Nani Atamsemea Binti Yangu

Theluji ya mwaka ule ilikuwa inashuka polepole, kama kuna mtu juu huko anapepeta unga na hana haraka ya kupika. Nilikuwa nimesimama dirishani kwetu Vårby gård, huku Sweden, bado nimevaa sare ya kazi, naangalia ziwa ambalo halionekani. Mahali pa ziwa palikuwa na weupe tu. Nyuma yangu binti yangu alikuwa mezani na kompyuta yake, na ndipo aliposema, kwa Kiswidi kama kawaida yake, kwamba chuo kinataka watu wawili wa kumsemea.

"Wakuseme vipi?" nikamuuliza. Mimi namjibu kwa Kiswahili, ndivyo tunavyoishi.

"Siyo waniseme, Mama. Wanisemee. Waandike barua, kwamba nafaa kuwa daktari."

Udaktari aliutaka tangu ana meno ya maziwa. Alikuwa anachukua kile kigogo cha karatasi ya chooni, anakiweka kifuani kwangu, anasikiliza, halafu ananiambia nipumzike. Lakini hapa Sweden wanaangalia alama za shule, na watoto wenye alama nzuri ni wengi kuliko viti. Alijaribu, hakupata. Akajaribu tena, hakupata. Sasa alikuwa amepata chuo ng'ambo ya bahari ya Baltiki, wanakofundisha kwa Kiingereza na kupokea wageni, na hicho kilitaka barua mbili kabla Februari haijaisha. Alikuwa ameshaniambia: hiki kikikataa, hajaribu tena. Atatafuta kitu kingine cha kufanya na maisha yake. Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema maziwa yameisha, na mimi nililia bafuni bomba likiwa limefunguliwa.

Basi aliposema wa kumsemea, moyo wangu ulitulia. Hilo nilikuwa naliweza. Hata chai yake hakuimaliza, mimi nilikuwa tayari kwenye simu na mchungaji.

Niseme kidogo juu ya barua za kwetu. Mtu wa kanisa letu akihama, mchungaji anamwandikia barua. Hampi mkononi kimyakimya. Jumapili anasimama, anaifungua, anaisoma mbele ya watu wote: huyu ni ndugu yetu, tunamjua, ametumika kwenye kwaya, hana neno na mtu. Watu wanasema Amina. Ile "Amina" ndiyo muhuri. Anayehama anaondoka nayo, na kule anakokwenda inasomwa tena kwa sauti, na watu wasiomjua wanasema Amina na wao. Nilitoka kambi ya wakimbizi na barua ya namna hiyo. Lakini bahasha iliyofungwa, ile ya kupewa uibebe mwenyewe mpaka ofisini bila kujua ndani wameandika nini, hiyo kambini tulikuwa tunaiogopa. Mtu aliyekuwa na jema la kukusema alilisema ukisikia.

Kwa hiyo Jumapili ile tulikwenda Farsta, mimi na binti yangu na baba yake, kwenye ukumbi ambao Waswidi wanatuachia wakishamaliza ibada yao na kahawa yao. Mchungaji wetu ni Mrundi, mtu mrefu, siku za kazi anaendesha basi la mji. Alisimama, akatoa karatasi kwenye Biblia, akamwita binti yangu aje mbele. Akasoma.

"Tunamjua mama yake," alisoma. "Mama yake ni mwanamke wa maombi. Alifika nchi hii hajui neno, akasoma shule ya jioni baada ya kazi mpaka akapata cheti cha kuhudumia wagonjwa. Mama yake hajawahi kukosa maombi ya Ijumaa, hata siku treni zimesimama. Mtoto aliyetoka katika nyumba hiyo, je, hawezi kuponya wagonjwa?"

"Anaweza!" watu wakaitikia.

Ngoma ikapigwa. Mimi nilikuwa nimefumba macho. Nilijisikia kama sigusi sakafu, kama ukumbi wote umejaa maji ya vuguvugu na sisi tunaelea ndani yake pamoja na viti. Nilipofumbua macho nilimwona binti yangu amesimama pale mbele, anaangalia viatu vyake.

Baba yake alibaki na wazee wa kanisa; mimi na binti yangu tulibadilisha treni Slussen. Tulipokwisha kukaa kwenye treni ya kwetu, akasema, "Mama, ile barua ilikuhusu wewe."

"Ubaya uko wapi? Mtoto anajulikana kwa mama yake."

"Wao hawakujui wewe. Na mimi siruhusiwi hata kuiona hiyo barua. Anayeandika anaituma mwenyewe. Inakuwa imefungwa. Nimeshakubali kwamba sitaomba kuisoma kamwe."

"Imeshasomwa! Kanisa zima limeisikia, mpaka mpiga ngoma."

"Ndiyo shida yenyewe, Mama."

Nilijaribu kuelewa. Dirishani taa za vituo zilikuwa zinapita, zinatanda kwenye kioo kama rangi kwenye maji. "Yaani unataka mtu akuseme nyuma ya mgongo wako," nikasema, "na wewe umetia sahihi kwamba sawa, aniseme?"

"Ja," akasema. Ndiyo.

"Na ukoo wako wote usisikie?"

"Ja, Mama."

Mwanamke wa Kiswidi aliyekaa mbele yetu aliinua kichwa kwenye kitabu chake. Nikageukia dirisha.

Nyumbani aliniambia aliowachagua. Wa kwanza ni mkuu wa nyumba ya wazee ambako anafanya kazi mwisho wa juma, anawaogesha bibi na babu na kuwalisha. Huyo sikuwa na neno naye. Tulikuwa tumeshaonana, ni mtu anayecheka mpaka anashika tumbo. Wa pili ni mwalimu wake wa biolojia kutoka shule aliyomaliza. Niliposikia hivyo niliweka sufuria chini.

Mwalimu yule nilimfahamu. Shule za hapa zinamwita mzazi, mnakaa watatu, mzazi na mtoto na mwalimu, mnazungumza juu ya mtoto mbele yake. Siku ile nilivaa kitenge changu kizuri, nikijua nakwenda kupongezwa. Mwalimu, mwanamke mwembamba, nywele fupi za mvi, hakunipongeza. Alisema, "Binti yako anajua jibu, lakini anangoja mwingine alitoe." Hakuna sukari aliyoinyunyiza juu ya maneno hayo. Alinipa mkono, akafungua mlango, na mzazi mwingine akaingia.

"Huyo?" nikasema.

"Huyo."

"Amekubali?"

"Amekubali. Ila ameniambia ataandika alichokiona tu. Na siku ya moyo pia ataiandika. Ameniuliza kama bado namtaka."

"Siku ya moyo ni siku gani?"

Hapo binti yangu aliangalia kompyuta yake. Kisha akanieleza. Darasani waliletewa mioyo ya nguruwe kwa ajili ya kupasua. Wenzake walianza. Yeye alipoushika ule moyo, baridi, mzito kuliko alivyodhani, akatoka mbio, akatapika kwenye korido.

Sikuwahi kuambiwa. Mtoto ambaye mimi nimemwombea udaktari miaka yote, alitoka mbio mbele ya moyo wa nguruwe, na mwalimu aliyeliona hilo ndiye tunayemwomba kalamu!

"Wewe una akili?" nikasema. "Huyo ni shahidi wa upande wa pili. Mtu hampeleki huyo mahakamani kwa miguu yake mwenyewe."

"Mamma, snälla." Tafadhali, Mama. Akafunga kompyuta, akaingia chumbani kwake.

Mimi nikafanya ninachofanya siku zote. Niliacha kula mpaka jioni, siku kadhaa, nikamwomba Mungu anionyeshe wa kumsemea mtoto wangu. Nilikuwa na zamu za asubuhi juma lile. Ukitoka zamu ya asubuhi Januari unafika nyumbani na mwanga nao unaondoka, mnapishana mlangoni. Nilijilaza kwenye sofa bila kuvua soksi, na usingizi ukanichukua mchana ule wa buluu.

Niliota natembea juu ya ziwa letu. Barafu ilikuwa safi kama kioo cha saa. Chini yake kulikuwa na watu, na wote niliwajua: mama yangu mzazi, majirani wa kambini, mwalimu wangu wa shule ya jioni. Hawakuwa wamekufa maji. Walikuwa wanatembea tu chini kule, taratibu, na kila mmoja akipita chini ya miguu yangu aliinua kidole, akaandika kitu kwenye barafu kutoka upande wake. Nilipiga magoti nisome. Maandishi yalikuwa yamegeuka. Nilijua yanamhusu binti yangu, nilijua hivyo jinsi unavyojua vitu ndotoni, lakini sikuweza kusoma hata neno. Na ufukweni alisimama mwanamke mwenye buti za njano, anaita. Hakuwa ananiita mimi. Alikuwa anaita jina la binti yangu.

Nikaamka, nikampigia dada yetu mmoja wa maombi, Mkongo mwenzangu anayekaa Hallonbergen. Yeye Mungu amempa kufasiri ndoto.

"Bon, sawa, ni wazi," akasema, hata sijamaliza. "Huyo mwanamke ni mke wa mchungaji. Barua ya mchungaji ndiyo yenyewe."

"Maman, mke wa mchungaji simjui? Huyu alikuwa na buti za njano. Mama mchungaji hawezi kuvaa buti za njano."

"Basi ni malaika."

"Malaika wa buti?"

"Maman, hii ni Sweden. Hata malaika akishuka Januari atavaa buti."

Tulicheka mpaka nikasahau njaa. Lakini nilipokata simu nilibaki na swali langu vilevile. Mwanamke yule alikuwa ameita, na mimi sikujua ni nani, na barua za chini ya barafu sikuzisoma. Wakati mwingine Mungu anakuonyesha kitu ili ujue tu kwamba yeye anakijua.

Jumamosi jua lilitoka. Ukikaa nchi hii unajifunza kwamba jua likitoka Februari unaacha sufuria ilipo, unatoka. Tulishuka ziwani mimi na binti yangu, tukafuata njia ya pembeni. Theluji ilikuwa inang'aa mpaka macho yanatoa machozi bila huzuni yoyote. Watu walikuwa wamekaa juu ya ngozi za kondoo, nyuso zimeelekezwa juani, macho yamefumbwa, kama mkutano wa watu waliolala wakiwa wamekaa. Buti zetu tu zilikuwa zinalia.

"Nieleze mara moja tu," nikamwambia. "Kwa nini yeye? Kuna mwalimu wa hesabu, anakupenda. Yule angekumwagia asali."

"Yule anamwagia kila mtu asali."

"Basi kwa nini huyu?"

Akatembea kidogo. Halafu akanijibu kwa Kiswahili, kile chake cha taratibu, anachookota neno moja moja kama mtu anayevuka mto juu ya mawe.

"Kwa sababu yeye aliniona nikirudi."

Nikasimama.

Akaniambia sehemu ambayo hakuwa ameniambia. Pale korido hakuna aliyemfuata. Alinawa uso. Alifikiria kuchukua koti na kwenda nyumbani. Kengele ilikuwa imeshalia, wenzake wamekwenda kula. Aliporudi darasani, mioyo mingine yote ilikuwa imeshaondolewa. Mmoja tu ulikuwa umebaki kwenye sinia yake, kama alivyouacha. Mwalimu alikuwa amekaa upande wa pili wa meza. Hakumwuliza kama yuko salama. Alimsogezea glavu. Binti yangu akazivaa, akashika kisu, akapasua, akavitaja vyumba vyote vinne, na milango yake, na mishipa yake, kwa sauti, bila kungoja mwingine aseme, maana mwingine hakuwepo. Mikono ilitetemeka mpaka mwisho. Mwalimu alikaa pale na njaa yake mpaka akamaliza.

"Wewe hukuwepo, Mama," akasema. "Mchungaji hakuwepo. Ni yeye tu."

Nitasema ukweli: niliona wivu. Mimi vyumba vya moyo nilivijifunza shule ya jioni, kwenye picha, kwa Kiswidi, nikisinzia baada ya kazi. Ilinichukua majuma kuvikariri. Na mtoto wangu alivishika kwa mikono yake, na macho yaliyokuwa juu yake hayakuwa yangu. Nilidhani mtoto wangu ninamjua wote, kama chumba ninachofagia kila siku. Kumbe kuna mlango, na mwenye ufunguo ni mwanamke wa mvi ambaye hakunipa hata chembe ya sukari.

Tulikwenda mpaka njia ilipoishia. Nikamwambia, "Sawa. Aandike."

"Na mchungaji?"

"Mchungaji niachie mimi."

Hilo lilikuwa gumu kuliko kufunga. Barua ya mchungaji ikishasomwa imesomwa. Hairudishwi kama shati la dukani. Nilimfuata Farsta, pale mabasi yanapogeuzia, wakati wa mapumziko yake. Alikuwa amekaa ndani ya basi tupu, amezima taa, thermosi iko magotini. Alinifungulia mlango wa mbele, ukatoa ile pumzi yake, fff.

"Karibu, Mama. Leo hulipi nauli."

Nikakaa kiti cha nyuma yake. Akanimiminia chai kwenye kifuniko.

"Mchungaji," nikasema, "ile barua. Haitakwenda."

Alikunywa kidogo. "Nilikosea neno mahali?"

"Hapana, Mchungaji."

"Nilisahau kumtaja baba yake. Nilijua tu. Mke wangu aliniambia palepale, umemsahau baba wa mtoto."

"Si hilo. Baba yake mwenyewe hakugundua." Kweli hakugundua. Alikuwa anasinzia.

Nikamweleza yote: kwamba chuo kinataka barua ambayo mtoto hajaisikia, kutoka kwa mtu aliyemwona kazini. Alisikiliza akiangalia kioo cha mbele, ambapo theluji ilikuwa inatua na kuyeyuka, inatua na kuyeyuka.

"Mimi nimemwona akiimba," akasema.

"Ndiyo."

"Anaimba vizuri."

"Sana, Mchungaji."

"Lakini hawatafuti mwimbaji."

"Hapana."

Nilimwona ameumia kidogo. Kisha akasema, si kwangu hasa, "Hivi mimi, wangeniuliza, nani ameniona mimi? Hawa ninaowabeba wanaona mgongo." Akacheka peke yake. Akapangusa kifuniko, akakirudisha kwenye thermosi. "Jumapili nitawaambia watu mimi mwenyewe. Wewe usiseme kitu. Ukisema wewe, watadhani tumegombana, na wale wa kwaya watatupatanisha mwezi mzima."

"Asante, Mchungaji."

"Na huyo mwalimu, anasali?"

"Sijui."

"Basi tumwombee. Anaandika akiwa peke yake, na barua yake haitapata Amina."

Na Jumapili ndivyo alivyofanya. Alisema kuna barua inaandikwa mahali fulani, sisi hatutaisikia, tuuombee mkono unaoiandika. Watu waliangaliana. Mzee mmoja aliuliza kwa sauti kama ni barua ya serikali. Lakini walisimama, wakaomba.

Barua zote mbili zilifika kabla ya siku ya mwisho. Majira ya kuchipua, chuo kikaandika kwamba kinataka kuzungumza na binti yangu kwa video. Alikaa jikoni, amevaa blauzi nyeupe juu na suruali ya kulalia chini, kwa sababu chini hawaoni. Nilitakiwa nikae chumbani. Nilikaa kwenye korido na taulo la vyombo mkononi, naomba midomo ikitembea.

Kiingereza changu ni kidogo, lakini nilisikia mwanamume mmoja akiuliza juu ya mwalimu, na nikasikia akitaja moyo. Basi aliiandika kweli! Nikasikia binti yangu akivuta pumzi, na nikajua kwamba kinachofuata si changu. Nikachukua mfuko wa takataka, nikavaa viatu vya mtu mwingine, nikatoka.

Wiki chache baadaye walimpokea. Siku ile tulipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta, kisha alipoambiwa akaja na maua. Lakini nikiukumbuka mwaka ule, siku ya jibu haiji kwanza. Kinachokuja ni uwanja wa chini ya nyumba yetu, nyasi za mwaka jana zimelala, maji ya theluji yanatiririka kila upande kama watu wanaonong'ona. Nimesimama na mfuko wangu. Nainua macho kwenye dirisha la jikoni, na kule nyuma ya kioo chenye mawingu ndani yake, binti yangu anazungumza. Sauti haifiki. Mikono yake imeinuka, viganja vimekaribiana, kama ameshika kitu kati yao, kitu kizito kidogo, na anawaonyesha watu nisiowaona jinsi kinavyofunguliwa.